Asiyeona naye ana miguu

Anayepita barabara ya Morogoro Jumamosi kabla jua halijachomoza, kuanzia Maili Moja hadi Picha ya Ndege, hukutana na makundi ya vijana na watu wazima waliovaa fulana za rangi moja, wakikimbia mbio za pole na kuitikiana nyimbo pembezoni mwa lami. Desturi hii imekuwa kubwa katika Mkoa wetu wa Pwani kama ilivyokuwa kubwa Dar es Salaam. Mwaka 2016 aliyekuwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Hata hivyo, katika makundi yote tuliyopata kuyaona, hatujamwona mtu aliyeshika fimbo nyeupe, wala anayekimbia bega kwa bega na mwenzake huku wameshikana kamba.

Si kwamba wasioona hawapo Kibaha. Wapo, na kamati yetu inawafahamu, kwani miongoni mwa kazi zake ni kuwatembelea wagonjwa, wazee na wenye ulemavu kila mwezi. Tunapobisha hodi huwakuta palepale tulipowaacha: kwenye mkeka barazani, au kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, redio ikiwa karibu na sikio.

Mmoja wao alikuwa dereva wa malori ya Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini. Presha ya macho ilimnyang'anya uoni taratibu, kwanza wa pembeni, kisha wa katikati. Watu wa nyumbani kwake ni watu wa dini na wenye huruma, na hakuna anachokosa. Chai huletewa, maji ya udhu huletewa, chooni hupelekwa kwa mkono. Akijaribu kuinuka husikia sauti tatu kwa pamoja zikimwambia atulie asije akaanguka. Naye ametulia. Katika miaka minne ya kutulia, tumbo limeongezeka, magoti yamekakamaa, na mtu aliyekuwa akisimulia safari za Mbeya mpaka wasikilizaji wakashika mbavu, leo hujibu salamu kwa neno moja. Macho hayakumfanya hivyo. Mkeka ndio uliomfanya hivyo, na mkeka wenyewe umetandikwa kwa mapenzi.

Haya tunayaandika kwa ajili ya familia za namna hiyo, na hasa kwa ajili ya wale waliopoteza uoni ukubwani. Aliyezaliwa haoni, au aliyepoteza uoni utotoni kisha akabahatika kupita shule kama ile ya Buigiri mkoani Dodoma au Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, alijifunza kutembea gizani akiwa katika umri ambao kuanguka ni sehemu ya mchezo. Wa miaka hamsini na tano hali yake ni nyingine. Yeye ana heshima ya kulinda mbele ya wajukuu. Kuanguka mtaroni mbele ya watu, kwake yeye, ni kudhalilika kabla ya kuwa ni kuumia, na wengi wamechagua kukaa ili wasidhalilike.

Hofu ya kuanguka

Mwili wa mwanadamu husimama wima kwa msaada wa mambo matatu: macho, chombo kidogo kilichomo ndani ya sikio, na hisia za nyayo na viungo. La kwanza likiondoka, mawili yaliyobaki yanaweza kufundishwa yabebe mzigo zaidi. Lakini hayafundishwi mtu akiwa amekaa. Hufundishwa kwa kusimama, kugeuka, kupanda ngazi na kukanyaga ardhi isiyo sawa, kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Zaidi ya hayo, misuli ya mapaja ndiyo inayomdaka mtu anapojikwaa. Misuli isiyotumika hunywea, na kwa mtu mzima hunywea upesi. Kwa hiyo mtu huogopa kuanguka, asitembee. Kwa kuwa hatembei, miguu inadhoofika. Na kwa kuwa imedhoofika, siku anayolazimika kutembea huanguka kweli. Hapo nyumba nzima husema, si tulikwambia? Na mkeka hutandikwa upya.

Lipo jambo linalosikitisha zaidi. Kisukari ni miongoni mwa maradhi yanayoharibu macho ya watu wazima, na kutembea ni miongoni mwa njia za kukidhibiti. Mtu anapoteza uoni kwa kisukari, na kwa sababu amepoteza uoni anazuiwa kutembea, na kwa sababu hatembei sukari inapanda na kuyaendea mafigo na miguu. Tumewaona wawili wa hali hiyo katika ziara zetu, nao wote wanatunzwa vizuri sana kwa kipimo cha majirani.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mazoezi mwaka 2020, kwa mara ya kwanza liliweka ndani yake mapendekezo mahususi kwa watu wenye ulemavu, wala halikuwapunguzia kiwango. Mtu mzima anatakiwa kupata, kwa kadiri ya uwezo wake, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaomfanya apumue kwa kasi lakini aweze bado kuzungumza. Pamoja na hizo, siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Mwenye kusikia hesabu hizi hudhani panahitajika uwanja na mwalimu. Sisi tumezipima kwa mwendo wa msikitini. Mtu ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka msikitini, akihudhuria Alfajiri na Isha tu, kwenda na kurudi, hutembea dakika 40 kwa siku. Kwa wiki ni dakika 280.

Aliyepewa kazi ya kutangaza alfajiri

Mara nyingi linapotajwa suala la wasioona, kinachosomwa ni malipo ya subira na ruhusa ya udhuru. Yote mawili ni haki, na hadithi zake ni sahihi. Lakini sira ya Swahaba Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) ina upande mwingine ambao hausomwi sana. Huyu ndiye aliyeteremshiwa mwanzo wa Sura ya 'Abasa. Alikuwa haoni, na Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini pamoja na Bilal (r.a.). Bilal aliadhini usiku ungalipo. Ibn Ummi Maktum aliadhini alfajiri inapoingia, na kwa adhana yake waliofunga waliacha kula. Tuitafakari kazi hiyo. Kutambua mwangaza wa alfajiri ni kazi ya macho, nayo alikabidhiwa asiyekuwa na macho. Iliwezekanaje? Watu walimwambia kuwa kumepambazuka, naye akaadhini. Hakuna aliyemnyang'anya kazi. Waliongeza pale tu palipopungua. Wanahistoria wanaeleza pia kwamba Mtume alipotoka Madina kwa safari, zaidi ya mara moja alimwachia Ibn Ummi Maktum kuswalisha watu.

Imepokewa pia na Imam Muslim habari ya mtu asiyeona aliyeomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Mtume alimruhusu, kisha akamwita akamuuliza iwapo anaisikia adhana. Aliposema ndiyo, alimtaka aiitikie. Na upande wa pili ipo habari ya Itban bin Malik (r.a.), aliyekuwa na uoni hafifu, ambaye bonde lililojaa maji lilimkata na msikiti, akapata ruhusa ya kuswalia nyumbani kwake. Mafakihi wana maneno yao juu ya udhuru, wala ukurasa huu si wa fatwa. Tunachokiona katika habari hizi mbili ni kwamba mafuriko yalihesabiwa kuwa ni mafuriko, na upofu peke yake haukuhesabiwa kuwa ni mafuriko.

Basi na tuitazame misikiti yetu yenyewe. Asiyeona akifika mlangoni hukuta viatu vimetapakaa kama mitego. Sakafu ya kutawadhia ni vigae laini vyenye maji. Bodaboda zimeegeshwa kwenye njia ya kuingilia, na kila siku mahali pengine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu hao, lakini kwa msikiti tusingoje sheria. Ubao wa kuwekea viatu ni kazi ya fundi seremala wa mtaani kwa siku moja. Bomba la chuma la kushikia, kutoka penye maji hadi mlangoni, ni kazi ya mchomeleaji kwa siku moja. Kinachobaki ni njia isiyobadilikabadilika, kwa sababu asiyeona hutembea kwa kumbukumbu, na kila kitu kinachohamishwa bila taarifa ni ukuta mpya uliojengwa usiku.

Kamba ya Wanyoike

Kuna wanaokubali kwamba asiyeona anaweza kutembea, ila wanakataa kwamba anaweza kukimbia. Hao tunawaelekeza kwa jirani zetu wa Kenya. Henry Wanyoike, mtu wa Kikuyu, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo alipopatwa na kiharusi mwaka 1995 na kupoteza karibu uoni wake wote kwa usiku mmoja. Alipita katika kipindi kirefu cha huzuni kabla ya kurudi kwenye riadha aliyoipenda tangu shuleni, safari hii akiwa ameshikana kamba na mwenzake anayeona. Mwaka 2000, katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney, alikuwa akiongoza mbio za mita 5,000 pale kiongozi wake, aliyekuwa hajisikii vizuri, alipoishiwa nguvu karibu na mwisho. Wanyoike, asiyeona, alimvuta mwenye macho mpaka wakavuka mstari, akatwaa dhahabu. Miaka minne baadaye huko Athens alitwaa dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000, kiongozi wake akiwa Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni.

Hatumtaji ili kila mzee wa Mlandizi aanze kuwania medali. Tunamtaja kwa ajili ya ile kamba. Katika riadha ya wasioona kiongozi haruhusiwi kumvuta mkimbiaji wala kumtangulia kwenye mstari wa mwisho. Yeye ni macho tu. Mwendo, kasi na ushindi ni vya asiyeona. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayorudisha hali ya mtu kujiamini, na ndiyo inayokosekana tunapomkokota mzee kwa kumshika kiganja kama mtoto anayepelekwa sindano.

Njia iliyo sahihi ya kumwongoza asiyeona ni yeye kukushika wewe, wala si wewe kumshika yeye. Anashika mkono wako juu kidogo ya kiwiko na kukufuata nusu hatua nyuma. Hapo mwili wako unamweleza kila kitu: ukipanda, anahisi; ukisita, anasita. Usimsukume mbele yako hata siku moja, kwani huko ni kumfanya yeye awe fimbo yako. Mwambie kilichopo kabla hamjakifikia, na useme ni ngazi ya kupanda au ya kushuka. Neno "angalia!" halimsaidii chochote. Kwa mbio za pole au mwendo wa kasi, kamba fupi yenye vitanzi viwili inatosha, kila mmoja akashika kitanzi chake, mikono ikipishana kwa kadiri moja. Wiki ya kwanza ni kutembea tu mpaka hatua zifanane.

Kibaha na Kisarawe si ardhi moja

Hapa Kibaha adui ni kelele. Asiyeona husoma njia kwa masikio, na malori ya barabara kuu humfunika masikio kama vile wingi wa vumbi unavyomfunika macho anayeona. Isitoshe mitaro mingi kandokando ya barabara haina mifuniko. Kwa hiyo hatushauri kufanya mazoezi kando ya lami hata kidogo. Nyuma ya lami, Tumbi, Mwendapole na Visiga, iko mitaa tulivu na viwanja vya shule ambavyo baada ya swala ya alfajiri havina mtu.

Kisarawe, ambako hushirikiana na jamaa wa huko katika darsa, mambo ni kinyume. Ukishaiacha milima ya Pugu nyuma na kuelekea Maneromango, utulivu ni mkubwa hata asiyeona husikia jani la mkorosho likianguka. Adui wa huko ni mchanga na mizizi. Fimbo inazama, na njia ya leo mvua ya kesho inaihamisha. Lakini huko ndiko tulikoona jambo la kutufundisha. Mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyepoteza uoni miaka mingi iliyopita, hulima shamba lake la muhogo. Mwanawe humchomekea kijiti kila mwisho wa tuta na kufunga kamba kutoka kijiti hadi kijiti, usawa wa goti. Yeye hufuata kamba kwa mkono mmoja, akapapasa magugu kwa mwingine, akapalilia. Tulimwamkia shikamoo akiwa amesimama na jembe, mgongo umenyooka. Tulipomuuliza kama hachoki, alitushangaa; alisema yeye hakuwa na mtu wa kumkalisha chini. Sentensi hiyo tumerudi nayo Kibaha na kuizungumza katika vikao viwili.

Kamba ya namna hiyo inaweza kufungwa katika uwanja wa nyumba yoyote. Miti miwili au nguzo mbili zilizoachana hatua ishirini hivi, kamba usawa wa kiuno, na fundo kubwa hatua mbili kabla ya kila mwisho ili mkono uonywe kabla ya kichwa. Mtu huishika kwa wepesi na kutembea peke yake, pasipo kiongozi, kwa kasi anayotaka. Wengi wa wasioona ukubwani hawajatembea haraka peke yao tangu siku walipopoteza uoni, na ladha ya hatua kumi za kwanza huonekana usoni. Kwa misuli, kuinuka kitini na kukaa tena mara kumi bila kujishika ni zoezi tosha la kuanzia. Dumu la lita tano lenye maji nusu ni chuma kizuri cha kuinua.

Wanawake wasisahauliwe katika hili, maana wao ndio wanaokalishwa zaidi. Ua wa nyumba una sitara, na kamba tuliyoieleza inafaa humo bila kuhitaji uwanja wa watu. Vikundi vya kina mama vinavyokutana baada ya Alasiri kwa darsa vinaweza kutenga nusu saa ya kutembea pamoja, kila asiyeona akiwa na mwenzake wa kike. Mama aliyezoea kutwanga na kuchota maji asiondolewe kazi hizo zote kwa jina la heshima. Apangiwe vyombo mahali pamoja, aachwe aipike chai yake.

Kwa vijana kuna mchezo wa goboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika vita kuu ya pili. Timu ina watu watatu, wote wamefunikwa macho, wakirushiana chini mpira wenye kengele ndani na kuuzuia kwa miili yao. Mpira wa kiwanda haupatikani kirahisi madukani kwetu. Katika nchi nyingine watu waliwahi kuuvika mpira wa kawaida mfuko wa plastiki ili utoe mchakacho. Mifuko hiyo hapa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nasi hatutamshauri mtu kuvunja sheria kwa ajili ya mchezo. Lakini Uzaramoni hapakosekani njuga. Fundi viatu anayeweza kushona mpira anaweza kuzishonea ndani yake.

Ipo faida nyingine isiyojulikana sana. Wengi wasiopata hata mwanga hafifu husumbuliwa na usingizi unaohama: leo unakuja saa nne usiku, wiki ijayo unakuja alfajiri, kwa kuwa mwanga ndio unaouambia mwili saa. Kutoka nje na kutembea kwa nyakati zilezile kila siku husaidia kuushikilia usingizi mahali pake. Mwenye kwenda msikitini ana nyakati zake tayari.

Kabla ya yote, aonwe na daktari. Mtoto wa jicho hupasuliwa na uoni ukarudi, na haifai mtu kufungiwa kamba ya mazoezi ilhali anachohitaji ni upasuaji. Mwenye presha ya macho, au ambaye kisukari kimemvujisha damu ndani ya jicho, aulize kwanza kuhusu kuinua vitu vizito, kubana pumzi na kuinamisha kichwa kwa muda mrefu. Mwenye kisukari asitembee kwa kandambili wala pekupeku. Avae viatu vya kufunika vidole, na kila jioni mtu wa nyumbani amtazame nyayo, kwa kuwa kidonda anaweza asikihisi na hawezi kukiona.

Yule dereva wa Tunduma tulimfungia kamba kati ya mwembe na nguzo ya banda la kuku, mbele ya wanawe, baada ya kuwaomba ruhusa kwa mazungumzo marefu. Siku ya kwanza alikwenda mara mbili akakaa. Sasa huenda na kurudi mara thelathini kabla ya chai, na binti yake mkubwa ndiye anayemhesabia. Kamba ya kwanza ilikuwa ya katani, ikamkwaruza kiganja. Tumeibadilisha na ya pamba.